Kompyuta inazimika ovyo? Kitafute kifaa kibovu kabla hujafungua pochi

Mama mmoja mwenye duka la stesheneri aliniletea kompyuta yake ya mezani kwa bodaboda, ameifunga kwa kanga isipate vumbi. Ilikuwa inazimika katikati ya kazi: leo mara tatu, kesho haizimiki kabisa. Kabla haijafika kwangu ilikuwa imeshapigwa Windows upya mara tatu, ikabadilishwa RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi), ikawekewa na pawasapulai mpya (kisanduku kinachoilisha umeme). "Fundi, kwa hela niliyotumia ningeshanunua nyingine," aliniambia, na alikuwa anasema kweli.

Ilikaa mezani kwangu siku mbili ikifanya kazi usiku na mchana, haikuzimika. Siku ya tatu niliirudisha mwenyewe na nikaomba nikae nayo dukani. Haikupita saa moja nikaona. Kompyuta na mashine ya fotokopi zilikuwa zimechomekwa kwenye ekstensheni moja nyembamba. Fotokopi inapoanza kazi hupasha moto roli inayoyeyusha unga wa wino, na hapo huvuta umeme mwingi kwa mkupuo. Volti zikashuka, kompyuta ikafa. Vifaa vyote vilivyobadilishwa vilikuwa havina kosa.

Naandika haya kwa ajili ya watu kama yule mama. Kuzimika ovyo ni ugonjwa wenye dalili moja kwa nje na vyanzo vingi kwa ndani, na anayebahatisha huishia kulipia vyote. Iko njia ya kufuata, na hatua zake nyingi hazikugharimu kitu zaidi ya muda na daftari.

Kabla hujagusa chochote, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje. Diski inayokaribia kufa haiagi, na baadhi ya majaribio ya huku chini yanaitesa mashine kwa makusudi.

Hatua ya 1: Andika inavyokufa

Mtu akisema "kompyuta yangu inazima", huwa sijajua kitu bado. Neno hilo linabeba mambo manne tofauti.

Kuna giza la ghafla, feni zikasimama palepale kama umeme umekatika. Hapo shuku umeme wa ukutani, pawasapulai au joto. Kuna kujiwasha upya, ambako kunaweza kuwa ni hayohayo, au ni skrini ya bluu iliyopita kabla hujaiona. Kuna kuganda: mshale hausogei na sauti inarudia kipande kilekile. Hapo mara nyingi ni RAM, diski au kadi ya michoro. Na kuna skrini ya bluu yenyewe, ambayo ndiyo afadhali kuliko zote, maana Windows imepata nafasi ya kusema jambo kabla ya kusimama.

Chukua daftari. Kila inapotokea andika saa, kazi uliyokuwa unafanya, ilikuwa imewaka kwa muda gani, na nini kingine kilikuwa kimewashwa chumbani. Ukifikisha matukio sita au saba, yasome kwa pamoja. Ikizimika kila mara baada ya dakika ishirini, fikiria joto. Ikizimika kwenye michezo na video nzito tu, ni kadi ya michoro au pawasapulai. Ikizimika jioni, saa ambazo hata taa za nyumba hufifia, ni umeme. Ikikataa kuwaka asubuhi na kukubali mara ya tatu, kisha ikaenda vizuri kutwa nzima, mara nyingi ni kapasita (vihifadhi vidogo vya umeme) zilizochoka. Ikizimika ukigusa meza, kuna kitu hakijakaa sawasawa kwenye tundu lake.

Nimeona watu wakiruka hatua hii kwa sababu haifanani na ufundi. Ndiyo yenye ufundi kuliko zote.

Hatua ya 2: Soma ilichokiandika yenyewe

Kwanza izuie kujiwasha upya. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, kisha Settings iliyo chini ya Startup and Recovery, na utoe alama kwenye Automatically restart. Sasa skrini ya bluu ikija itabaki hapo, uipige picha kwa simu.

Halafu fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows yenyewe, ingia Windows Logs, kisha System, uangalie dakika ile iliyozimika. Utakuta Kernel-Power yenye namba 41, na hapo wengi hushtuka wakidhani wamempata mchawi. Namba 41 inasema tu kwamba kompyuta imewaka bila kuwa ilizimwa kwa utaratibu. Ni taarifa ya msiba, haielezi marehemu alikufa na nini. Chenye thamani kiko ndani yake: bonyeza Details, utafute BugcheckCode, yaani namba ya kosa. Ikiwa ni 0, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika, kwa hiyo elekea kwenye umeme, joto au kuganda kabisa. Ikiwa si 0, kumbuka kwamba hapo namba imeandikwa kwa desimali (hesabu zetu za kawaida), huku maelezo mengi ya makosa haya yakitumia heksadesimali (hesabu za msingi wa 16). 26 ni 1A, kosa la usimamizi wa kumbukumbu. 122 ni 7A, Windows ilishindwa kusoma data iliyohitaji kutoka kwenye diski. 278 ni 116, kadi ya michoro au draiva yake (programu inayoiendesha) haikuitika. 292 ni 124, vifaa vyenyewe vimeripoti kosa.

Tafuta pia maandishi ya WHEA-Logger kwenye orodha hiyohiyo. Ukiyakuta, sitisha mpango wa kupiga Windows upya, kwa sababu ni vifaa vinavyolalamika.

Namba hizi zinaonyesha njia tu, hazitoi hukumu. RAM mbovu inaweza kuzaa kosa la namna yoyote, na namba zinazobadilika kila siku ni dalili yake mojawapo. Kinyume chake, namba ileile ikitaja faili lilelile la draiva kila mara, anza na draiva hiyo.

Kama huna uhakika kosa ni la Windows au la vifaa, weka Ubuntu (mfumo wa bure unaoendesha kompyuta badala ya Windows) kwenye fleshi, uiwashe kompyuta kutoka humo bila kusakinisha chochote, uitumie siku nzima. Ikizimika na humo, umeshaiondolea Windows lawama.

Hatua ya 3: Anzia ukutani

Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230, Kenya 240, lakini hizo ni namba za karatasini. Mwisho wa laini ndefu, jioni watu wote wakiwa wanapika na kupiga pasi, hali huwa nyingine. Ichomeke kompyuta peke yake kwenye soketi ya ukutani, bila ekstensheni, mbali na friji, pampu, pasi na printa ya leza. Kama hali inabadilika, umemaliza kazi kwa gharama ya sifuri. Ukiweza, ipeleke nyumba nyingine kabisa kwa siku mbili, kama nilivyofanya kwa kompyuta ya yule mama.

Shika plagi na waya wa kompyuta baada ya nusu saa ya kazi. Vikiwa vya moto, mguso ni mbaya. Ukigusa kasha ukahisi vidole vinawashwa-washwa, hakuna arthi: ile pawasapulai ina kichujio kinachomwaga mkondo mdogo kwenye kasha, na mkondo huo ukikosa njia ya kwenda ardhini unabaki hapo ukikusubiri wewe. Muite fundi umeme. Na wale wanaochokonoa tundu la arthi kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie kwenye soketi ya pini tatu, naomba waache. Plagi haikai imara, inacheza, inatoa cheche, na kompyuta inakatikiwa umeme bila mtu kujua.

UPS, kile kisanduku chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika, nayo huzeeka. Betri yake ikishachoka, UPS inaweza kuizima kompyuta yenyewe pale umeme unapoyumba kidogo. Iruke kwa siku mbili uone.

Hatua ya 4: Vumbi na joto

Weka programu ya kusoma joto. HWiNFO inatosha, na ni ya bure. Fanya kazi yako nzito ya kawaida ukiitazama. Prosesa ikipanda hadi nyuzi 80 na kitu wakati wa kazi ngumu si jambo la kutisha. Nyingi za Intel zina kikomo karibu na nyuzi 100, na Ryzen 7000 zimeundwa zikiweza kukaa kwenye 95 chini ya mzigo mzito. Dalili mbaya ni joto linalopanda ndani ya sekunde chache tu baada ya kazi kuanza. Hapo chuma cha kupozea hakijagusana vizuri na prosesa, au pesti inayopakwa kati yake imekauka.

Zima, chomoa waya, fungua kasha. Puliza vumbi kwa bloa ukiwa umeishika feni kwa kidole isizunguke, maana ikizungushwa kwa nguvu inaharibika. Usitumie mashine ya kufyonza vumbi, inazalisha umeme tuli. Futa pesti ya zamani kwa alkoholi ya kusafishia, weka mpya kiasi cha punje ya dengu, rudisha chuma na kukaza skrubu kwa kupokezana pembe kwa pembe.

Sisi wa pwani tuna adui wa ziada: hewa ya chumvi. Ukifungua mashine iliyokaa karibu na bahari, angalia ukungu wa kijani kwenye miguso ya RAM na ya kadi. Kutu hiyo inatosha kabisa kuizimisha mashine isiyo na kasoro nyingine.

Wakati kasha liko wazi, zitazame kapasita za mazabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vyote), zile silinda ndogo. Kichwa chake kinatakiwa kuwa bapa. Kilichovimba kama mkate au kuvuja maji ya kahawia kimekufa. Mashine za miaka ya mwanzo ya 2000 zilikumbwa sana na balaa hili, na bado naziona chache zikiletwa.

Hatua ya 5: RAM, mshukiwa wangu wa kwanza ndani ya kasha

Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi kumaliza umeme uliobaki, gusa chuma tupu cha kasha. Chomoa RAM zote. Safisha miguso yake ya dhahabu kwa kitambaa chenye alkoholi. Mafundi wengi tunatumia kifutio cha penseli, na kinafaa kikiwa cheupe na laini, ili mradi usiache chenga zake zikaingia kwenye tundu. Zirudishe hadi usikie vishikizo vimelia. Kompyuta nyingi zinapona hapahapa. Itumie siku tatu kabla ya kusonga mbele.

Isipopona, pima. Weka MemTest86 au Memtest86+ kwenye fleshi, uiwashe kompyuta kutoka humo, uiache usiku kucha imalize mizunguko minne au zaidi. Kile kipimo cha Windows ni cha haraka na hupitiwa na makosa mengi, kwa hiyo jibu lake la "hakuna tatizo" silichukulii kama ushahidi.

Kuna watu huniuliza: imepata kosa moja tu kwa saa nane, si dogo? Si dogo. Mwaka 2003 huko Schaerbeek, Ubelgiji, mgombea mmoja wa uchaguzi alipewa kura kuliko zilizowezekana. Zilipohesabiwa upya, ziada ilikuwa 4,096 kamili, yaani 2 kwa kipeo cha 12. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba biti moja kwenye kumbukumbu ya kompyuta iligeuka kutoka sifuri kuwa moja. Biti moja. Pale ilikuwa ajali ya mara moja, lakini RAM inayokosea mbele ya kipimo itakosea tena, siku nyingine ndani ya hesabu za mteja wako.

Ukiona makosa, usikimbilie dukani. Ingia BIOS (mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) uangalie kama XMP au EXPO imewashwa, izime, upime tena. Mipangilio hiyo huiendesha RAM kwa kasi iliyo juu ya ile ya kawaida, na si kila prosesa na mazabodi huihimili. Makosa yakitoweka, umeokoa hela. Yakiendelea, pima kijiti kimoja kimoja kwenye tundu lilelile. Kijiti kinachokosea popote ukiwekapo ni kibovu. Ikiwa vijiti vyote vinakosea kwenye tundu moja na vinapita kwenye jingine, ubovu uko kwenye mazabodi au kwenye prosesa. Watu wengi wamenunua RAM mpya mara mbili kwa kutofanya jaribio hili la nusu siku.

Hatua ya 6: Diski

Fungua CrystalDiskInfo, au smartctl kama unatumia Linux. Kwenye diski za kawaida angalia mistari 05, C5 na C6: sekta zilizohamishwa, zinazosubiri na zisizosomeka. Namba ghafi isiyo sifuri kwenye C5 au C6 inanitosha kumwambia mteja anunue diski nyingine leo. C7 ni habari tofauti. Inahesabu makosa ya njiani, kwa hiyo ikipanda badilisha kwanza kebo ya SATA, kitu cha bei ndogo. Kwa SSD za NVMe tazama Percentage Used, yaani uhai uliokwisha kutumika, na Media and Data Integrity Errors, yaani makosa ya data.

Diski mbovu kwa kawaida haileti giza la ghafla. Inagandisha, inachelewesha, kisha skrini ya bluu.

Hatua ya 7: Pawasapulai

Usiifungue. Ndani mna kapasita zinazohifadhi umeme wa kuua hata baada ya kuchomoa waya, na hakuna jambo la kupima humo ambalo huwezi kulipima ukiwa nje.

Soma kibandiko chake. Usidanganywe na wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Tafuta ampea za laini ya volti 12, uzizidishe kwa 12. Niliwahi kushika moja iliyoandikwa 500 kwa nje, na laini yake ya volti 12 ikiwa ampea 16 tu, yaani wati 192. Weka humo kadi ya michoro ya michezo, lazima ianguke.

Kwa multimita, pima kwenye plagi ya Molex (ile ya umeme yenye waya nne) kompyuta ikiwa kazini. Njano na nyeusi itoe kati ya volti 11.4 na 12.6. Nyekundu na nyeusi itoe kati ya 4.75 na 5.25. Kupita nje ya hapo ni ubovu wa wazi. Kukaa ndani ya hapo hakuisafishi, kwa sababu multimita ya kawaida haioni mtikisiko wa sehemu ndogo ya sekunde, na huo unatosha kuizima mashine. Kipimo cha kweli ni kuazima. Chukua pawasapulai nzima kwa rafiki au kwa fundi, uiweke kwa siku zile zile ambazo daftari linasema ingekuwa imeshazimika.

Hatua ya 8: Kadi ya michoro, prosesa, mazabodi

Kama prosesa yako ina michoro yake ya ndani, toa kadi kabisa, uchomeke kebo ya skrini kwenye mazabodi. Ukipata utulivu, kosa liko kwenye kadi au kwenye umeme unaoilisha. FurMark huichosha kadi, Prime95 huichosha prosesa. Ziendeshe kwa zamu, si pamoja, ukitazama joto. Prime95 ikisimama yenyewe ikitangaza kosa la hesabu, vifaa vimekosea, hata kama kompyuta haikuzimika.

Prosesa huharibika mara chache, ila usiifute kwenye orodha. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za Core za kizazi cha 13 na 14 za kompyuta za mezani zilikuwa zinapata volti za juu kupita kiasi na kuchakaa, zikizimisha programu na mashine nzima. Masahihisho yalitoka kupitia BIOS, mojawapo likiwa 0x129 la mwezi wa Agosti, na dhamana ikaongezwa miaka 2. Sahihisho hilo halirudishi prosesa iliyokwisha kuharibika. Mwenye mashine ya aina hiyo asasishe BIOS leo, na ikiendelea kusumbua adai dhamana.

Betri ndogo ya CR2032 ikiisha inapoteza saa na mipangilio ya BIOS. Ibadilishe ikishuka sana chini ya volti 3, lakini mara chache ndiyo inayoizimisha kompyuta iliyokwisha kuwaka.

Mazabodi nimeiweka mwisho kwa sababu haina kipimo chake peke yake. Inahukumiwa wengine wote wakishaonekana safi.

Ukiwa na laptopu

Iendeshe kwa betri tu bila chaja, kisha, kama betri inachomoka, kwa chaja tu bila betri. Upande unaozimika ndio wenye shida. Itikise kidogo plagi ya chaja ikiwa inachaji: taa ikiwaka na kuzima, tundu limelegea. Ukiona mfuniko wa chini umetuna au padi ya kugusa imeinuka, betri imevimba. Izime, usiichaji tena, usiitoboe, mpelekee fundi siku hiyohiyo.

Ukishapata jibu

Badilisha kitu kimoja tu, kisha rudi kwenye daftari utafute muda mrefu zaidi uliowahi kupita bila kuzimika. Kama ulikuwa siku nne, subiri siku nane ukifanya kazi ileile iliyokuwa ikiiua, kwenye soketi ileile. Zikipita salama, kata kipande cha plasta, andika tarehe na kifaa kilichobadilishwa, ukibandike ndani ya mfuniko wa kasha. Fundi atakayelifungua baadaye ataanzia hapo.